Mtoto Aliyeandikiwa: Vitabu vya Kwanza vya Dini na Maadili katika Kiswahili

Chukua karatasi yoyote ya fasihi iliyojibiwa na mtahiniwa wa kidato cha nne na hutakosa kuikuta sentensi hii, au ndugu yake: "Hadithi hii inatufunza kuwa tusiwe na tamaa." Huandikwa kuhusu ngano, huandikwa kuhusu utendi, huandikwa hata kuhusu tamthilia ya kisiasa ambayo mwandishi wake hakuwa na haja na tamaa ya mtu mmoja. Mtahini hutia alama moja akapita. Mwanafunzi hana lawama kubwa hapa. Tangu darasa la kwanza, kila hadithi aliyosomewa ilifuatwa na swali la mafunzo, naye amejifunza kulijibu kabla halijaulizwa.

Swali hilo lina asili. Limetoka katika vitabu vya dini na maadili vilivyotungiwa watoto wa Afrika Mashariki katika karne ya kumi na tisa na nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Sina nia ya kuvibeza vitabu hivyo. Hoja yangu ni kwamba vyenyewe, tukivisoma kwa makini, vinadai swali jingine litangulie: vinamfunza nani? Neno "watoto" hutuficha mengi. Mtoto aliyeandikiwa Pate hakuwa mtoto aliyeandikiwa Unguja, na wala mmoja wao hakuwa mtoto wa Nairobi ya mwaka 1950.

Tuanze na Pate. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mama alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na Sultani wa Unguja kwa miaka, naye alikuwa mgonjwa. Alifariki miaka michache baadaye. Utendi unaanza kwa kumwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi. Zingatia jambo hili, kwa maana watahiniwa wengi hulipita mbio: anayeandika ni mtoto. Mama anasema, binti anakopi. Kitabu cha kwanza cha maadili tunachoweza kukitaja kwa jina la mtunzi na jina la msomaji wake kiliandikwa kwa namna hiyo, mwili kwa mwili, na mkono wa mtoto ulikuwa ndani yake.

Kwa upande wa fani, umbo lenyewe lilikuwa chombo cha kufundishia. Mizani nane kila kipande, vina vya vipande vitatu vya kwanza vikifanana, na kipande cha nne kikirudi kwenye bahari ileile ya "-ya" kutoka mwanzo hadi mwisho. Msichana aliyeusikia mara chache aliweza kuushika. Ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu, ukahifadhiwa nyumbani mwa watu, ukasomwa na wanawake kwa wanawake. Halafu mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakautoa katika chapa, kwa kichwa cha Kiingereza kinachotangaza kuwa huo ni ushauri wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Kichwa hicho kimetuponza. Ni kweli mume anatajwa katika orodha ya wale watano ambao binti anatakiwa kuwa na radhi zao: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Ni kweli pia beti nyingi zinahusu kumtunza mume huyo. Lakini utendi una sala ndefu, una maombi ya mgonjwa, una maneno juu ya namna ya kukaa na watu, kusema nao na kuwakirimu. Ukifundishwa chini ya kichwa cha Werner na Hichens, mwanafunzi ataona mke tu. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliufungua tena mjadala na kutuonyesha kuwa sauti ya mama huyu ina kejeli na werevu ambao wasomaji wengi hawakuusikia. Hata usipokubaliana naye kila mahali, amefanya jambo jema: amemrudisha mama kwenye kitanda chake na binti kwenye karatasi yake.

Kuna ushauri mmoja katika utendi huo ambao ningependa uukumbuke tunapoondoka Pate. Mama anamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Ni sentensi ya kupita tu, ya mwanamke wa tabaka lake na wakati wake. Miaka sita baadaye, watoto wa watumwa hao ndio waliokuwa wanaandikiwa vitabu.

Mnamo Agosti mwaka 1864, Askofu Tozer na Edward Steere wa misheni ya UMCA walifika Unguja. Muda mfupi baadaye Sultani Majid alimpa Tozer wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa darasa la kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alipata ushemasi mwaka 1879. Darasa lilikua likawa shule ya Kiungani, kusini mwa mji, na la wasichana likakaa Mbweni. Hawa hawakuwa Waswahili kwa kuzaliwa. Walitoka bara, kutoka Uyao, Unyasa na kwingineko, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Steere aliposhika kalamu na matbaa yake ndogo kuwaandalia masomo, alikuwa anaandikia watoto wasio na mama wa kuwaita wasogee na wino.

Sasa tazama chombo cha kufundishia dini kilivyobadilika. Katekisimu ya Kanisa la Uingereza, ambayo ilikuwa ya misheni hiyo, imejengwa kwa maswali na majibu. Swali la kwanza linamtaka mtoto aseme jina lake. La pili linamuuliza ni nani aliyempa jina hilo, na jibu linalotakiwa ni kwamba alilipewa na wasimamizi wake katika ubatizo. Kwa mtoto wa kijiji cha Uingereza maswali hayo ni mepesi kama maji. Kwa mvulana wa Kiungani yalikuwa na uzito mwingine. Jina lake la kwanza alipewa na wazazi ambao hajui waliko. La pili huenda alipewa na aliyemnunua. La tatu amepewa na mzungu mbele ya kisima cha ubatizo. Majina kama John Swedi na George Farajallah yanabeba historia hiyo nzima katika maneno mawili. Mbele kidogo, katekisimu inapofikia wajibu kwa jirani, inataja wanaostahili kutiiwa: mfalme, wakubwa, walimu, wachungaji wa roho na mabwana. Neno "bwana" kwa mtoto aliyetoka jahazini! Walimu wa misheni hawakuwa na nia mbaya, na soko la watumwa walilipinga kwa dhati. Lilipofungwa mwaka 1873, kanisa lao kuu lilijengwa pale pale liliposimama, na Steere akazikwa humo mwaka 1882. Lakini maandishi hayaangalii nia. Kitabu cha maadili kilichotungwa kwa mtoto mmoja kilipelekwa kwa mtoto mwingine bila kubadilishwa, na hapo ndipo sauti ya wasia ilipogeuka kuwa sauti ya mtihani. Kuna swali, kuna jibu moja, na jibu limekwisha andikwa.

Steere mwenyewe alikuwa mpana kuliko katekisimu yake. Mwaka 1867 alichapisha Unguja kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza, chenye hadithi nne za Shakespeare kama zilivyosimuliwa upya kwa watoto na Charles na Mary Lamb mwaka 1807. Walimu wengi hudhani Shakespeare aliingia katika Kiswahili kwa mkono wa Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Aliingia takriban miaka mia moja kabla, tena kwa mlango wa watoto. Miongoni mwa hadithi hizo nne kuna ile ya mfanyabiashara wa Venisi, na ndani yake kesi ya mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mtu. Kijitabu hicho kilichapishwa katika mji ambao mwili mzima wa mtu ulikuwa bado unauzwa sokoni kwa mnada.

Mwaka 1870 Steere alichapisha mkusanyiko wa ngano za Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mojawapo ni kisa cha punda wa dobi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wewe na mimi na wanafunzi wetu tumekutana nacho kwa sura moja au nyingine.

Kima na papa ni marafiki. Kima hukaa juu ya mkuyu ulioinamia maji, humtupia papa matunda. Siku moja papa anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya bahari anamwambia kweli: sultani wao anaugua, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa kina kima hawatembei na mioyo yao, huiacha juu ya miti, basi warudi wakauchukue. Wanarudi, anapanda, haonekani tena. Papa anapomwita, kima anamsimulia kisa kingine, cha punda wa dobi aliyedanganywa na sungura akapelekwa kwa simba mgonjwa, akanusurika, akadanganywa mara ya pili, akaliwa. Simba anapotafuta moyo na masikio ya mnyama, sungura aliyekwisha vila anasema punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa navyo, angerudi mara ya pili?

Kisa hiki kimetoka mbali. Kimo katika Panchatantra ya Wahindi, ambako anayemdanganya kima ni mamba. Kikaingia katika Kalila wa Dimna ya Waarabu, ambako ni kobe. Kilipofika pwani yetu kikapata papa, kama ilivyo haki ya watu wa bahari. Katika vitabu vya kusoma vya shule kimeendelea kubadilisha wanyama, na mwishoni mwake huja lile swali: hadithi hii inatufunza nini? Jibu la kawaida ni kwamba tuchague marafiki wema. Mwanafunzi hupata alama yake.

Lakini soma tena ukiwa na swali letu. Ndani ya kisa kuna mtu anayemfunza mtu. Kima, aliye salama juu ya mti, anamfunza papa, aliye majini. Mafunzo ya punda wa dobi hayakuelekezwa kwa watoto wema wa darasani. Yameelekezwa kwa muuaji aliyeshindwa, na anayeyatoa ni kitoweo kilichoponyoka. Kisa si onyo dhidi ya marafiki wabaya pekee. Ni habari ya mtu aliyealikwa safari, akagundua njiani kwamba yeye mwenyewe ndiye bidhaa. Mvulana wa Kiungani aliyekisikia hakuhitaji mwalimu wa kumweleza maana yake.

Na wavulana hao waliandika. Mwaka 1887 A.C. Madan, mwalimu na mtafsiri wa misheni hiyo, alitoa London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye visa vilivyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Wanasimulia nyumbani kwao, jinsi walivyotekwa au kuuzwa, na njia ndefu ya kuelekea pwani. Kilichochapishwa ni tafsiri ya Kiingereza. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitabu muhimu kuliko vyote katika historia hii, ingawa hakikutungwa kiwe cha maadili. Watoto waliopewa majibu ya kukariri walipopewa nafasi hawakuandika mawaidha. Waliandika yaliyowapata. Ukitaka kuwashawishi wanafunzi wako kwamba fasihi ya watoto si lazima iwe mahubiri, mfano wa zaidi ya karne moja na robo huo hapo.

Ingekuwa kosa kudhani misheni peke yake ndiyo iliyoleta kukariri. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza maisha ya mtoto chuoni, na kila aliyesoma chuo pwani atayatambua: ubao, herufi, fimbo, na sura za Kurani zinazoshikwa kwa moyo muda mrefu kabla ya kufahamika. Ni upungufu huo wa kufahamu uliomsukuma Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Alizaliwa mwaka 1891, akatoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937 hadi kifo chake mwaka 1947. Katikati ya shughuli hizo alipata wakati wa kuandika vitabu vidogo vya watoto, kama vile Masomo ya Dini na Hidayatul Atfal, jina lenye maana ya uongozi wa watoto. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu alitaka mtoto ajue anachosema. Mtoto wake ana adui wa kihistoria: anaishi chini ya serikali ya Kiingereza, shule zenye hadhi ni za serikali na misheni, na mzazi wake anaogopa kumpoteza. Mafunzo ya Sheikh Al-Amin yana haraka hiyo ndani yake. Ukiyasoma kama orodha ya sheria za udhu na swala tu, hutaisikia.

Nairobi iliingia baadaye. Maktaba ya McMillan, inayopakana na Msikiti wa Jamia katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu; mtoto Mwafrika aliyejua kusoma aliipita kwa nje. Vitabu vyake vilikuja kupitia duka la vitabu la CMS, lililokuwa chini ya Charles Richards, ambaye pia alianzisha matbaa ya Ndia Kuu. Mwaka 1948 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilipoundwa, makao yakiwa Nairobi, Richards huyohuyo akawa mkurugenzi wake. Basi mkono uliochapisha vitabu vya kanisa ndio uliochapisha vya serikali, na haishangazi kwamba sauti haikubadilika sana. Kilichobadilika ni msomaji. Kitabu kilichopaswa kuuzwa Mombasa, Kampala, Tabora na Kisumu hakikuweza kumwita mtoto yeyote kwa jina. Kilisema "watoto", au kilisema "sisi". Hapo ndipo "inatufunza" ilipopata ile "tu" yake isiyo na mwenyewe.

Wakati huohuo, mtu mmoja alikuwa bado anaandika kwa njia ya zamani. Shaaban Robert, katika tawasifu yake Maisha Yangu ya mwaka 1949, ametia tendi mbili za wasia: Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Katika kitabu hicho hicho anamwomboleza mkewe Amina. Uweke Utenzi wa Hati kando ya utendi wa Mwana Kupona uone. Kule mama anayekaribia kufa anasema na binti. Huku mama ameshakwenda, na baba ameketi mahali pake. Ushauri unafanana sana, na mtahiniwa mwepesi ataandika kwamba Shaaban Robert amemwiga Mwana Kupona. Atakuwa ameona nusu. Jambo la kuuliza ni kinachotokea kwa sauti ya wasia mwanamume anapoibeba, na ni yapi anayoyajua mama ambayo baba huyu anayapita kimya.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1952, alitoa Adili na Nduguze, ambacho kimesomwa shuleni kwa vizazi. Kisa chake amekitoa katika Alfu Lela Ulela, lakini majina ni yake: Adili, na nduguze wawili Hasidi na Mwivu, na mfalme aitwaye Rai. Mwalimu yeyote hapa atasema "majazi", na mwanafunzi ataandika "majazi" na kupata alama. Jiulize, hata hivyo, majazi haya yanamtendea nini msomaji mtoto. Yanamwambia hukumu kabla ya tendo. Hasidi hana nafasi ya kutubu katika jina lake. Mbinu kama hiyo imo katika Safari ya Msafiri ya John Bunyan, ambayo wamisionari waliitafsiri mapema. Sidai kuwa Shaaban Robert alichota huko. Lugha yetu ina mila yake ya majina yenye maana. Nasema tu kuwa majazi ni mbinu ya katekisimu: jibu limo ndani ya swali. Kinachomwokoa Shaaban Robert ni kwamba Adili mwenyewe, mwenye jina la uadilifu, anaonekana kila usiku akiwapiga nyani wawili kwa mjeledi, na mfalme Rai anataka kujua kwa nini. Mtoto anayesoma huanza kitabu akiwa na mashaka juu ya mtu mwema. Hiyo ni fasihi. Ukifundisha kitabu hicho ukaanza na mafunzo, umeyaua mashaka hayo kabla hayajafanya kazi yake.

Huku Westlands ninakofundisha, wachapishaji wamekuwa majirani zetu. East African Educational Publishers walikuwa na ofisi zao hapa kwa miaka mingi, na masista wa Paulines Publications Africa, ambao vitabu vyao vya dini husomwa nchi nzima, wako hapa pia. Vitabu vya watoto vyenye maadili havijapungua. Vina picha nzuri sasa na karatasi nyororo. Ukivichukua vitano dukani, hesabu ni vingapi vinavyomjua mtoto wavyo.

Zoezi ninalolitumia na kidato cha tatu kabla ya kuanza utendi wowote wa wasia ni hili. Wanaandika ushauri wa ukurasa mmoja kwa "watoto wa Kenya". Wanautimiza kwa dakika kumi, na karatasi zote zinafanana: watii wazazi, wasome kwa bidii, waepuke dawa za kulevya. Halafu wanaandika wa pili kwa mtoto mmoja wanayemjua, kwa jina lake. Wa pili huchukua kipindi kizima na darasa hunyamaza. Muhula uliopita msichana mmoja alimwandikia ndugu yake wa miaka saba kule Kangemi. Kwenye karatasi ya kwanza alikuwa ameandika kuwa watoto wawe na nidhamu barabarani. Kwenye ya pili alimwambia apande daraja la miguu la Waiyaki Way hata akiwa amechelewa, asiwafuate wakubwa wanaoruka ukingo, na kwamba akifika ng'ambo amngojee kwa mama wa mahindi, kwa sababu atakuja.